Usisugue Kwanza: Namna ya Kupokea Tezo, Keekee na Mbuzi ya Nazi

Tezo (zana ya kuchongea mbao) ya kwanza kuletwa kwenye chumba chetu cha kumbukumbu hapa Bagamoyo niliiharibu mimi mwenyewe. Nilipiga mpini msasa mpaka ukawa mweupe, nikapaka vanishi, nikaitundika ukutani inang'aa kama ya dukani. Mzee aliyeileta, fundi wa majahazi, alikuja siku ya tatu. Akaishika, akaigeuzageuza, akauliza, "Yangu iko wapi?" Kwenye mpini palikuwa na kibonde cha kidole gumba chake, kilichochimbika kwa miaka ya kuchonga mbao. Nilikuwa nimekifuta kwa kipande kimoja cha msasa.

Kwa hiyo kitu kikifika, usikioshe, usikisugue, usikipake chochote. Toa daftari kwanza.

Usimuulize mwenyewe "hiki ni nini?" maana atakutajia jina na kunyamaza. Mwombe akuonyeshe kinavyotumika. Mzee mmoja nilipomwomba hivyo, alikaa chini, akaizungusha kamba ya uta kwenye mti wa keekee, zana ya kutobolea mbao, akaubana mti kwa juu kwa kifuu kilichomkaa sawasawa kiganjani, akaanza kuvuta uta kwenda na kurudi. Kumbe kifuu ni sehemu ya keekee! Mimi nilikuwa nimekitia kapuni pamoja na vyombo vya jikoni. Akanieleza pia kwamba msumari wa jahazi haugongwi tu: tundu hutobolewa kwanza ili ubao usipasuke, msumari ukavishwa pamba iliyotiwa mafuta, ndipo nyundo ikaja. Yote hayo niliyaandika papo hapo. Kesho yake ningekumbuka nusu.

Andika jina analolitaja mwenyewe, si ulilolizoea wewe. Nilikuwa naandika "kata" kwa kila kifuu chenye mpini, hadi bibi mmoja aliponikatiza: "Mwanangu, kata ya kutekea maji. Huu upawa, wa kupakulia mchuzi." Kama vyombo vilevile vina jina jingine Pangani au Tanga mjini, liandike kando, usilifute la kwanza.

Namba ni kazi fupi. Sisi tunaanza na mwaka, kisha aliyeleta, kisha kitu: 2023.4.2 ni kitu cha pili cha mletaji wa nne mwaka 2023. Namba iandikwe kwa penseli kwenye kadi ndogo, ifungwe kwa uzi wa pamba. Selotepu hapana, gundi yake hubaki na kuchafua. Piga picha pande zote, rula ikiwa pembeni.

Sasa usafi. Mti na ukili, brashi laini kavu inatosha. Mkeka na kifumbu cha kuchujia tui visitiwe maji. Masizi yaliyoganda kwenye mwiko yaache, ndiyo habari yenyewe. Chuma ndicho kinachosumbua hapa pwani, kwa ule upepo wa chumvi. Vaa glavu, jasho la mkono nalo lina chumvi. Pangusa kutu inayopukutika kwa brashi, kausha, paka nta isiyo na rangi, nyembamba. Watu hukimbilia mafuta ya nazi; yanachacha na kunasa vumbi.

Dumuzi, wadudu wanaotoboa mti, wanatambulika kwa unga. Weka kinu au mchi juu ya karatasi nyeusi usiku kucha. Asubuhi ukikuta unga mpya, wamo. Kifunge kitu kwa nailoni mara mbili, kitie kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika na barafu ikayeyuka, hesabu upya. Ukikitoa kiache ndani ya nailoni siku nzima, vinginevyo kitatoka jasho na mti utalinywa. Chenye rangi au gundi usikigandishe.

Kuta zetu za mawe hushika unyevu, hivyo rafu ziwe mbali kidogo na ukuta, na kitu chochote kisigusane na sakafu. Mchwa hawaombi ruhusa.

La mwisho, uliza wazi kama kitu kimetolewa au kimeazimwa, na muweke sahihi. Wageni wanaotoka Misheni, ile iliyoanzishwa na mapadre mwaka 1868, hushangaa kukuta kwetu mbuzi ya kukunia nazi. Kalio lake limelainika kwa kukaliwa, na meno yameisha upande mmoja. Tulidhani ni yetu. Ramadhani ilipoandama, bibi mwenyewe akaja mlangoni na kapu la nazi: anataka mbuzi yake, futari inamngoja. Siku hizi kadi yake inasema "imeazimwa, mwenyewe huichukua Ramadhani", na hiyo hatuipaki nta.