Kabla Hujaigusa Grub: Kompyuta ya Windows na Linux Inayowaka Ikipenda

Kompyuta yenye Windows na Linux ikigoma moja kwa moja, angalau kosa lipo na halikimbii. Kinachochosha ni ile inayowaka leo, kesho inakwama kwenye skrini nyeusi, ukiizima na kuiwasha tena inafunguka kama vile haikuwa na neno. Wengi hapo hukimbilia kusakinisha upya Grub, programu inayotoa menyu ya kuchagua Windows au Linux. Ngoja kwanza.

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya lolote, kwa sababu diski inayoanza kufa nayo huonyesha dalili hizohizo. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wake wa diski, tafuta ufunguo wake wa dharura, ule wa tarakimu 48, uuweke nje ya kompyuta hiyo. Ukigusa Secure Boot (ulinzi unaokagua programu za kuwashia) au mpangilio wa kuwasha, Windows inaweza kuudai papo hapo. Andaa pia flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa, na uijaribu mapema. Iwake kwa UEFI, programu ya ubao mama inayoanzisha kompyuta, ikiwa mifumo yako ilisakinishwa kwa UEFI. Ukiona folda /sys/firmware/efi, umeingia kwa njia hiyo.

Kisha chukua karatasi. Kila inapokwama, andika ulikuwa umetoka mfumo gani, ulizima au uliianzisha upya, na menyu ya Grub ilitokea au la. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Menyu ikitokea kila mara, Grub imeshapatikana, na kuisakinisha upya huenda kusibadilishe kitu: kagua keneli (kiini cha mfumo), draiva ya kadi ya picha na diski zinazopachikwa, yaani zinazounganishwa na mfumo unapowaka. Isipotokea, tazama mpangilio wa UEFI, kebo na diski yenyewe. Saa ikiwa inarudi nyuma kila ukichomoa umeme, badilisha betri ndogo ya ubao mama. Mara nyingi ni CR2032.

Karatasi ikionyesha kwamba Linux hukwama baada ya kuzima Windows, mshukiwa wangu wa kwanza ni Fast Startup. Kipengele hiki kikiwa kimewashwa, ukibonyeza Shut down Windows haizimiki kikamilifu. Huhifadhi hali ya keneli yake diskini na kuiacha partisheni, yaani sehemu yake ya diski, kana kwamba bado inatumika. Linux ikiikuta hivyo, huenda ikaisoma tu bila kuandika, au ikakataa kuipachika. Ukibonyeza Restart, Windows hufunga kila kitu. Ndiyo maana tatizo huja na kupotea. Amri powercfg /h off, ikitolewa na msimamizi ndani ya Windows, hukizima kipengele hicho pamoja na hali ya kulala diskini.

Faili la /etc/fstab, orodha ya diski ambazo Linux huzipachika inapowaka, nalo lisomwe mstari kwa mstari. Ukikuta diski imeandikwa /dev/sda1 au /dev/sdb2, jina hilo hutegemea diski ipi imetambuliwa kwanza, na kwenye kompyuta yenye diski mbili mpangilio huo unaweza kugeuka. Weka UUID, namba ya utambulisho ya partisheni, utaipata kwa lsblk -f. Partisheni isiyo ya lazima, kama ile ya Windows, iongezewe nofail, neno linaloruhusu uwashaji uendelee hata isipopatikana. La sivyo ikikosekana systemd, programu inayoendesha uwashaji wa Linux, huisubiri sekunde 90, kwa kawaida, kisha hukutupa kwenye hali ya dharura.

Ili uone kinachoendelea nyuma ya nembo, bonyeza e kwenye menyu ya Grub, futa quiet na splash, maneno yanayoficha ujumbe wa uwashaji, katika mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl+X. Weka simu tayari upige picha ya mistari ya mwisho. Kompyuta ikishawaka, journalctl -b -1 -p err hutoa makosa ya uwashaji uliotangulia, ila tazama saa: uliokwama mapema mno haukuandika chochote diskini, na unachosoma ni cha siku nyingine.

Pitisha smartctl -a, inayosoma afya ya diski, angalia kama /boot (mahali keneli zinapokaa) imejaa, acha kipimo cha kumbukumbu (RAM) kifanye kazi usiku mzima. Usifute keneli ya zamani inayowaka vizuri.

Ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja, kisha rudia mfuatano uleule ulioandika kwenye karatasi: zima Windows, acha ipoe, washa Linux. Kuwaka mara moja si jibu. Ilikuwa inawaka mara moja moja hata kabla hujaigusa.