Kuchagua kozi ya shahada kwa masomo uliyofaulu: mwongozo kwa waliomaliza kidato cha sita mkoani Tanga

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kwa kawaida Julai, swali linalozunguka mitaani Ngamiani, Chumbageni na Makorora ni moja: "Umepata divisheni ngapi?" Kwa kuchagua kozi ya chuo kikuu, jibu la swali hilo linasaidia kidogo sana. Chuo kinaangalia umefaulu masomo gani, kwa alama gani, na kama masomo hayo ndiyo yaliyotajwa na kozi unayoitaka. Wapo wenye divisheni ya pili wanaokosa kozi, na wapo wa divisheni ya tatu wanaoipata.

Anza kwa kuhesabu pointi zako

Divisheni huhesabiwa kwa kujumlisha masomo matatu, A ikiwa 1 na F ikiwa 7, kwa hiyo namba ndogo ndiyo nzuri. Udahili wa chuo unakwenda kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Usizichanganye hesabu hizi mbili.

Sharti la chini la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa aliyemaliza kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye alama kati ya A na E, na masomo hayo mawili yafikishe angalau pointi 4. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. D, E na E hazitoshi, ingawa ukizijumlisha zote tatu unapata 4, kwa sababu kinachohesabiwa ni masomo mawili. A moja na S mbili pia hazitoshi: prinsipo ni moja tu. General Studies na BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya ziada) haziingii kwenye prinsipo.

Waliofanya mtihani mwaka 2014 na 2015 wana mizani yao: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Wao wanahitaji angalau C mbili.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa CBG mwenye Kemia C, Baiolojia C na Jiografia F. Divisheni yake ni ya tatu, pointi 13, na nyumbani huenda watu wamenuna. Kumbe kwa hesabu ya chuo ana pointi 6 kwenye masomo mawili ya sayansi. Huyu ana nafasi ya kuomba, mradi achague kozi inayotaka Kemia na Baiolojia.

Soma masharti ya kozi neno kwa neno

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na ndipo panapostahili muda wako mwingi. Pakua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka husika, bila malipo, kwenye tovuti ya tume. Vipo viwili: cha waombaji wa kidato cha sita na cha wenye stashahada. Hakikisha umeshika cha kwako. Usitumie cha mwaka jana alichokutumia binamu yako kwa WhatsApp, kwa kuwa masharti hubadilika na kozi huongezwa au kuondolewa.

Kila kozi ina msimbo, jina, masharti, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo soma polepole panapounganishwa masomo. Palipoandikwa "na", lazima uwe nayo yote. Palipoandikwa "au", moja linatosha. Palipoandikwa masomo mawili "kati ya haya", pointi zako zinahesabiwa kwenye orodha hiyo tu. Mwenye HGE aliyepata Historia B, Jiografia B na Uchumi S ana pointi 8 nzuri kabisa, lakini kozi inayodai prinsipo ya Uchumi haimpokei.

Udaktari wa binadamu ndio mfano mkali zaidi. Unataka prinsipo tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6, na kila somo liwe na angalau D. Mwenye Kemia C, Baiolojia C na Fizikia E ana pointi 7, na bado hapiti, kwa sababu ya ile E. Asipoteze nafasi ya kuomba hapo. Asome masharti ya uuguzi, famasi na maabara moja moja, maana kila kozi ya afya ina yake.

Uhandisi hutaka Fizikia na Hisabati ya juu. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hawana shida. Wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) waangalie kama kozi inadai pia Kemia ya kidato cha nne. PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) hawana Hisabati kama prinsipo, basi wasihangaike na uhandisi wa ujenzi. Kozi nyingi za biashara na uchumi hudai Hisabati kwa namna fulani: kama huna Hisabati ya juu, huangaliwa BAM au alama ya kidato cha nne. Ukiomba ualimu, masomo ya kufundisha ni yale uliyofaulu kwa prinsipo.

Wenye hamu ya kazi za bandari yetu watazame Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Uhandisi wa meli ni Fizikia na Hisabati, ilhali kozi za usafirishaji na ugavi zina mlango mpana zaidi.

Kingine: pointi za chini zinakuruhusu kuomba tu. Kozi yenye nafasi chache na waombaji wengi huchukua wenye alama za juu. Kwa hiyo panga machaguo yako hivi: moja unayoitamani sana, mbili au tatu ambazo alama zako zimezidi masharti waziwazi, na moja yenye nafasi nyingi.

Kuomba

Maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Andaa namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, mfano S0000/0000/2022. Kama ulirudia mtihani, jaza namba za kila mara uliyoufanya. Nakili msimbo wa kozi kutoka kwenye kitabu, kwa sababu vyuo vyenye kampasi zaidi ya moja huwa na kozi za jina lilelile.

Ukijaziwa steshenari, namba ya simu na barua pepe ziwe zako mwenyewe, nenosiri liandike kwenye daftari lako. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa huko. Ikienda kwa mhudumu wa steshenari aliyekwisha kukusahau, unaweza kupitwa na muda na nafasi ikapotea. Thibitisha chuo kimoja, ndani ya siku zilizotangazwa.

Ukikosa awamu ya kwanza, subiri dirisha la pili, angalia kozi zenye nafasi zilizobaki, kisha ubadilishe machaguo. Kurudisha kozi ileile iliyokukataa kwa masharti ni kupoteza ada.

Mkopo huombwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), tofauti na wa chuo, ada ni shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na jina lililomo lifanane na la vyeti vya mtihani. Likitofautiana hata herufi moja, anza kulishughulikia kabla matokeo hayajatoka.