Kabla hujazima sigara ya mwisho

Nimeacha sigara mara nne, na ni ya nne tu iliyoshika. Mara tatu za mwanzo niliandaa moyo peke yake: niliapa, nikaivunjavunja pakiti, nikaitupa jalalani. Siku yenyewe sikuiandaa. Kesho yake asubuhi muuza kahawa akapita na birika lake kama kawaida, tukakaa barazani palepale na watu walewale, na kikombe cha pili hakijaisha nilikuwa nimeshaomba fegi kwa jirani.

Kwa hiyo kabla ya kutaja tarehe, jichunguze siku tatu au nne. Weka kikaratasi ndani ya pakiti, na kila ukichomoa moja andika saa, uko na nani, unafanya nini. Usipunguze kwa sasa, andika tu. Utaona kwamba ile ya asubuhi mwili wenyewe ndio unaoidai, lakini nyingi za baadaye zinaitwa na mahali au watu: kusubiri abiria kijiweni, kushiba ubwabwa, simu ndefu, mirungi ya jioni. Kila moja itafutie mbadala wake mapema. Ya baada ya chakula mimi niliishinda kwa kuinuka papo hapo na kuutafuna msuaki. Ya kijiweni haikuwa na dawa ila kuhama kijiwe kwa wiki tatu. Ya mirungi, ni kuachana na mirungi yenyewe kwanza, maana sijamwona aliyeweza kuguguna huku mdomo umetulia.

Kahawa ina jambo lake ambalo wengi hatulijui. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka, ndiyo maana mvutaji hunywa vikombe vitano na akalala fofofo. Akiacha, ndani ya siku chache ini hurudi kwenye mwendo wake, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile vitano vinamtetemesha mikono, vinamkimbiza moyo na kumkesha usiku. Yeye anasema ni arosto, anakimbilia sigara. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia theofilini au aminofilini kwa ajili ya kifua, au dawa fulani za magonjwa ya akili, amwambie daktari kabla ya kuacha ili dozi iangaliwe. Mwenye kisukari anayechoma insulini naye aseme, kwa kuwa sukari inaweza kubadilika. Na kama una kikohozi kilichopita wiki mbili, nenda kapime makohozi kwanza. Mvutaji ana hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, na ana tabia mbaya ya kusingizia sigara kila anapokohoa. Ukishaacha, kikohozi kinaweza hata kuzidi kwa muda, kwa kuwa vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa vinaamka na kuanza kufagia. Ni vizuri wakati huo uwe tayari na majibu ya kipimo mkononi.

Tarehe yenyewe isikusumbue sana, ila isiangukie kwenye harusi, msiba au safari ya usiku. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote: hasira, kichwa kuuma, kukosa utulivu. Baada ya hapo makali hupungua, na kwa wengi wiki nne zinatosha. Hamu moja hudumu dakika chache tu, hata ukiinyima. Waambie wa nyumbani mapema, la sivyo watadhani umewakasirikia wao.

Wengi huuchagua Ramadhani, na ni chaguo zuri, kwani mtu tayari anakaa saa 13 hivi bila moshi. Lakini hatari yake iko Magharibi: tende moja, maji, halafu mkono mfukoni. Ukiuchagua mwezi huo, pangia usiku. Mchana umeshapangwa.

Kuna chingamu na plasta za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Si kila famasi inazo, kwa hiyo zitafute kabla ya tarehe. Chingamu hii haitafunwi kama jojo. Unaitafuna polepole mpaka uhisi ukali, unaibana kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha unarudia, na usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake. Ugoro si mbadala. Shisha ndiyo kabisa: maji yake yanaupoza moshi tu, sumu inabaki.

Na wale wa “mimi napunguza”? Kwa moyo, hesabu haiko hivyo. Anayevuta moja kwa siku anabaki na karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo anayevuta ishirini. Anayezima zote huanza kuvuna siku hiyohiyo: dakika 20, mapigo ya moyo yanashuka; saa 12, kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, imerudi kiwango cha kawaida katika damu. Mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iko karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Mzee anayesema amechelewa aambiwe habari ya madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 tangu 1951: walioacha wakiwa na miaka 30 walijipatia takriban miaka 10 ya uhai, lakini hata walioacha na 60 walipata 3.

Uzito huongezeka, wastani wa kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza. Nunua suruali kwa fedha za sigara. Tuseme unavuta kumi kwa siku, kila moja shilingi 200: ni 730,000 kwa mwaka, na suruali itakuachia chenji.

Usiku wa kuamkia tarehe, fua nguo zote, toa kibakuli cha majivu nje ya nyumba, na upekue kila mfuko, hata wa koti la harusi. Ya kwangu niliikuta humo wiki ya sita, imekauka mpaka tumbaku inamwagika, na kiberiti cha jikoni kilikuwa hatua tatu tu.