Somo: Dishi moja, risiva mbili, mechi irekodiwe huku tamthilia ikiendelea

Wengi wanaotaka kurekodi chaneli moja huku wakitazama nyingine hununua risiva ya pili, kisha wanapita duka la vifaa kuchukua splita (kigawanya waya mmoja kuwa miwili) ya bei chee, wanaunga, na kwa dakika tano mambo yanaonekana safi. Halafu mtu wa chumbani anabadilisha chaneli na sebuleni picha inaganda. Hapo ndipo lawama zinapoanza: risiva mbovu, dishi limesogea, upepo wa jana. Kumbe dishi halina kosa lolote.

Tuanze na kinachotokea ndani ya waya, maana ukilielewa hili hatua zote zilizobaki ni kazi ya mikono tu. Risiva huilisha LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, umeme kupitia waya uleule unaoleta picha, na umeme huo ndio amri yenyewe. Volti 13 maana yake "nipe chaneli za wima", zile zenye V kwenye orodha ya masafa. Volti 18 maana yake "nipe za mlalo", zenye H. Kwa LNB ya kawaida ya bendi ya Ku (ile ya madishi madogo) kuna amri nyingine tena, mlio wa kHz 22. Ukiwapo, LNB inahamia bendi ya juu (MHz 11,700 hadi 12,750). Usipokuwapo inabaki ya chini (10,700 hadi 11,700). Jumla ni makundi manne, na LNB ya tundu moja inatoa kundi moja tu kwa wakati mmoja.

Sasa weka splita. Sebuleni wanaomba V, chumbani wanaomba H. Volti 18 inaizidi 13, LNB inahamia H, na sebuleni inaandika hakuna mawimbi. Splita za kupitisha umeme upande mmoja nazo hazisaidii, maana risiva ya upande wa pili inabaki kula anachochagua mwenzake. Kwa hiyo kila risiva iwe na njia yake hadi kwenye LNB. Hilo halina mkato.

Hatua ya 1: LNB. Nunua ya njia mbili kama una risiva mbili, ya njia nne kama unafikiria ya tatu baadaye. Soma maandishi pembeni ya matundu kabla hujalipa. Ukiona VL, VH, HL na HH, rudisha kwenye rafu. Hiyo ni LNB ya "quattro", kila tundu limefungiwa kundi moja, na inafanya kazi na multiswichi tu, kisanduku kinachogawia risiva nyingi makundi yote manne. Kwa boksi na umbo inafanana sana na ile ya njia nne, na wauzaji wengine wenyewe hawajui tofauti.

Hatua ya 2: Waya. RG6 ya ohm 75, mkupuo mmoja kutoka kwenye dishi hadi kwenye risiva bila viungo katikati. Nenda dukani na kasumaku kadogo, hata ka mlango wa friji. Kikinasa kwenye uzi wa katikati, huo ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mita chache unatosha, ila kwa waya mrefu volti zinapungua njiani. Volti 18 zikifika juu zikiwa chini ya 15 hivi, LNB inadhani umeomba V, na unaanza kukosa chaneli zote za H bila kujua sababu. Dalili hiyo watu huiita "LNB imekufa nusu".

Hatua ya 3: Koneta. Hapa usiwe na haraka. Chomoa kwanza risiva zote kwenye umeme, kuzima kwa rimoti hakutoshi. Menya ganda la nje, kunja nyuzi za wavu kwa nyuma zilale juu ya ganda, kisha menya plastiki nyeupe ubaki na uzi wa katikati. Skrubu koneta ya F mpaka plastiki nyeupe ilingane na sakafu ya koneta kwa ndani, na uzi uchomoze milimita mbili tatu nje ya mdomo. Kabla ya kufunga, itazame kwenye mwanga. Uzi mmoja tu wa wavu, mwembamba kama unywele, ukigusa ule wa katikati ni shoti, na risiva itakata umeme wa LNB papo hapo. Ukishafunga juu, acha waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani ya koneta.

Hatua ya 4: Jaribio. Usishuke paani kabla ya hili. Risiva ya kwanza iweke chaneli ya V, ya pili chaneli ya H. Geuza. Kisha bendi ya chini kwa bendi ya juu. Kipimo cha ubora kisitikisike upande mmoja unapobadilisha upande wa pili. Kikishuka hadi sifuri, kagua koneta kwanza.

Hatua ya 5: Kifaa cha kurekodia. Risiva nyingi za chaneli za bure zinarekodi kwenye flashi au diski ngumu (hard disk) kupitia tundu la USB. Chaneli ya kawaida inayokwenda megabiti 3 kwa sekunde inakula kama GB 1.35 kwa saa. Ya HD ya megabiti 8 ni kama GB 3.6. Mechi ya saa mbili kwa HD basi ni GB 7 na ushee, na kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 itakatwa vipande viwili, kwa kuwa FAT32 haikubali faili moja lizidi GB 4. Halijaharibika. Kama risiva yako inasoma NTFS, mfumo mwingine usio na kikomo hicho, fomati hivyo.

Hatua ya 6: Saa. Rekodi nyingi zinaharibikia hapa. Weka GMT +3, la sivyo risiva itachelewa kuanza kurekodi kwa muda wa saa tatu nzima. Na rimoti haijui saa za Kiswahili: taarifa ya habari ya saa mbili usiku inaandikwa 20:00, na kipindi cha saa sita na nusu usiku ni 00:30 ya tarehe ya kesho yake. Wapenzi wa Ligi ya Mabingwa, jueni kwamba mechi za saa nne usiku zinahamia saa tano baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya wanaporudisha saa nyuma, na zinarejea saa nne mwisho wa Machi. Waliopanga rekodi ya kila wiki kwa saa ya zamani wanapata nusu ya mechi tu.

Ukishapanga, mwambie kila mtu nyumbani asizime swichi ya ukutani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, risiva yangu ina tundu la LNB OUT kwa nyuma. Siwezi kuunga ya pili hapo nikaokoa pesa ya LNB? (Tanga)*

Unaweza, kwa sharti. Ya kwanza ikiwa imewashwa ndiyo inayotoa amri, ya pili inapata kundi lilelile tu. Kwenye risiva nyingi ya kwanza ikilala, ya pili inashika usukani. Kama chaneli unazotaka zote ni za H za bendi moja, hutaona tofauti. Kama zimechanganyika, rudi hatua ya 1.

*Fundi, risiva zangu ni za aina moja na zimekaa rafu moja. Nikibonyeza rimoti zinabadilika zote mbili, juzi rekodi imekatika katikati. Nifanyeje? (Dodoma)*

Pole mama. Ile ya kurekodi igeuze uso utazame ukuta, au bandika kipande cha utepe mweusi juu ya jicho la rimoti, ukiubandua unapotaka kupanga tu. Njia ya kudumu ni kuwa na risiva ya kampuni nyingine.

*Salamu kutoka Muscat. Nina Nilesat na Arabsat, madishi mawili, nataka risiva mbili zione yote.*

Nilesat ipo nyuzi 7 magharibi na Badr za Arabsat nyuzi 26 mashariki, kwa hiyo madishi mawili ni sawa. Kila dishi lipate LNB ya njia mbili. Kisha nunua swichi mbili za DiSEqC (swichi inayochagua dishi kwa amri ya risiva), moja kwa kila risiva. Kila swichi ipokee waya mmoja wa Nilesat na mmoja wa Badr, utoke mmoja kwenda ndani. Nilesat iwe namba 1 kwenye swichi zote mbili, usije ukajichanganya kwenye menyu.

*King'amuzi cha kulipia nacho kinaingia kwenye mpango huu? Kadi moja itatosha ving'amuzi viwili?*

Waya na LNB, ndiyo, ila angalia kwanza king'amuzi kinataka LNB ya aina gani, maana vya kisasa vingine vina LNB yake maalumu. Kadi, hapana, imefungwa na king'amuzi chake. DStv wana XtraView, inayounganisha ving'amuzi kwenye akaunti moja kwa ada ya ziada. Na rekodi za chaneli za kulipia kwa kawaida hufunguka kwenye king'amuzi kilichozirekodi tu, ukizihamishia kompyuta hazichezi.

*Mzee ana deki ya kanda bado nzima. Inafaa kurekodia?*

Inafaa ikiwa risiva ina matundu ya AV: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Toa AV ya risiva, ingiza AV IN ya deki, kisha kwenye deki chagua AV au L1, si chaneli. Kumbuka deki inarekodi kile kilichopo kwenye skrini, hata menyu na mstari wa jina la chaneli, kwa hiyo mkishabonyeza REC rimoti ya risiva hiyo ikae mbali na watoto. Ving'amuzi vingine vya kulipia vina kinga inayofanya picha ya kanda icheze mwanga na giza. Hapo deki haina kosa, msiifungue.