Kuunganisha Condor na XCSoar ya simu kwa Bluetooth

Condor ni programu ya kuigiza urushaji wa glaida, ndege isiyo na injini, na inakwenda kwenye Windows tu. XCSoar ni programu ya bure ya kuongozea njia, ile ile wanayoruka nayo marubani wa kweli. Huhitaji kifaa cha bei: simu ya Android ya mtumba kutoka soko la Darajani, Unguja, inatosha, hata kama kioo kina ufa. Niliyoandika hapa ndiyo niliyomwelekeza kijana mmoja wa Chake Chake kwa simu.

Watu wengi hukimbilia waifai. Mimi siipendi kwa kazi hii. Umeme ukikatika ruta inazima, wakati laptopu na simu zina betri zao. Bluetooth haiulizi ruta wala bando.

1. Weka XCSoar kwenye simu, upakue na ramani ya Slovenia, kwa sababu ndiyo mandhari inayokuja na Condor. Kisha oanisha simu na laptopu.

2. Tengeneza poti, yaani mlango wa kupitishia data kati ya laptopu na simu. Hapa ndipo usiku unapoishia. Kwenye Windows fungua mipangilio ya ziada ya Bluetooth, ukurasa wa COM Ports, bonyeza Add, chagua Incoming. Si Outgoing. Outgoing maana yake laptopu ndiyo inayopiga hodi kwa simu. Sisi tunataka laptopu ikae ingoje, simu ndiyo ije. Yule kijana alikuwa na poti mbili kwenye orodha, akachukua ya kwanza kwa kuwa ni ya kwanza. Iandike mahali namba ya poti ya Incoming, tuseme COM5. Ukifuta uoanishaji na kuanza upya, namba inaweza kubadilika huku Condor ikiendelea kushikilia ya zamani, kwa hiyo itazame tena kila ukigusa Bluetooth. Na poti moja haitumiki na programu mbili kwa wakati mmoja: kama umefungua programu nyingine ya kuijaribu, ifunge kwanza.

3. Kwenye Condor: Setup, Options, washa NMEA output (data za safari, kama mahali ulipo, ambazo Condor huzituma nje), chagua namba ile ya poti.

4. XCSoar ikiuliza, chagua Fly. Ukichagua Simulator kwa kuona kwamba nawe unaigiza, haitasoma kitu kutoka nje. Ingia Config, Devices, hariri kifaa A: poti ni jina la laptopu yako kwenye orodha ya Bluetooth, draiva, yaani kipande cha XCSoar kinachotafsiri data za kifaa, ni ya Condor. Kama unarusha Condor 3 na XCSoar yako ina draiva ya Condor 3, chukua hiyo. Usiweke ya LX, ambayo ni ya vifaa vya kweli vya glaida, ati kwa sababu sentensi (mistari ya data) zinazotoka zinaanza na LXWP0. Condor za zamani hutaja upepo unakokwenda, si unakotoka, na draiva ya Condor inalijua hilo. Ya LX hailijui, kwa hiyo kusi itasomeka kaskazi, na hesabu yote ya kufika uwanjani inaharibika.

5. Anza safari, kwa mfano kutoka Lesce-Bled, uwanja wa ndege wa Slovenia. Usihukumu ukiwa bado kwenye menyu: Condor haitoi data mpaka uwe ndani ya ndege. Alama ya ndege ikihamia Slovenia na mwinuko ukalingana na wa dashibodi, umeunganika. Ikibaki Unguja, XCSoar inasoma GPS ya simu yenyewe. Nenda Devices uizime.