Kutunza CD za picha (filamu) kwenye nyumba ya pwani: ninavyofanya mie hapa Makorora, Tanga

Masika ya mwaka juzi mama alikuja kukaa kwangu siku nne, na usiku wa pili akasema ana hamu ya kuiona harusi ya dada. Nikavuta boksi la viatu lililokuwa uvunguni. Kufungua tu, harufu ya nguo iliyonyeshewa ikaachwa ndani ya beseni. CD zilikuwa zimegandana na mifuko yake ya nailoni, na ile ya harusi ilikuwa na madoa meupe yenye matawi kama mizizi ya nyasi. Kuvu. Ya mkate naijua, ya viatu vya ngozi naijua; kumbe inapanda hata kwenye plastiki.

Mie ni fundi cherehani, si fundi wa mitambo. Lakini CD ninazo 412, zikiwemo VCD na DVD. Nyingine nilinunua, nyingi niliachiwa na kaka yangu aliyekuwa na kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, kule Ngamiani, mpaka watu walipohamia kwenye flashi na simu naye akafunga. Tangu usiku ule nimeziosha zote, nimezipanga upya, na masika mbili zimepita bila doa. Ninavyofanya ni hivi.

Kwanza zitoe zote, uzigeuze uangalie rangi ya chini. Usipange kitu kabla ya hapo. CD ya kiwandani chini ina rangi ya fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta ina uzambarau, au ubluu, au ukijani kwa mbali. Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ya kiwandani maandishi yake, yale yanayobeba picha na sauti, yamegongwa kwenye plastiki kama muhuri. Ya kuchomwa maandishi yake yamo kwenye rangi, na rangi hufa kwa jua na joto, kama kanga uliyoisahau kambani wiki nzima. Sasa fikiria CD za harusi, za maulidi, za mahafali ya watoto: zote mpiga video alizichoma. Picha ya Kihindi ikifa utaipata kwa mwingine. Harusi ya dada yako haiuzwi popote. Kwa hiyo hizo zitenge mwanzo, na ndizo utakazozihangaikia zaidi.

Zenye kuvu zitenge na nyingine pia, uzioshee nje, uvae barakoa. Mie sikuvaa mara ya kwanza nikapiga chafya hadi Ijumaa.

Kuosha kwenyewe si kazi ngumu, ila kuna adabu yake. Nawa mikono. Ishike CD pembeni na kwenye tundu, vidole visiguse uso. Puliza vumbi kwanza, maana ukifuta juu ya mchanga umekwaruza mwenyewe. Beseni la maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo. Kitambaa kiwe cha pamba kilichozeeka: fulana iliyofuliwa mara mia, au kanga kuukuu. Kanga mpya hapana, ina wanga na haifyonzi kitu. Poliesta hapana, inasukuma maji huku na huku. Taulo la karatasi nalo hapana.

Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, kama unapiga pasi kitenge kwenda upande mmoja. Usizungushe. Nilikuwa nazungusha miaka yote, mpaka kaka aliponieleza kwa lugha ya kazi yangu: maandishi ya CD yamejizungusha kama uzi kwenye bobini, yanaanzia ndani yakienda nje, na mizunguko imebanana kiasi kwamba kwenye DVD nafasi kati ya mmoja na mwingine haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Mkwaruzo unaokatiza uzi unagusa kidogo hapa na kidogo pale, na deki ina akili ya kujaza pengo dogo. Mkwaruzo unaofuata uzi umekula maneno mengi mfululizo, na hapo ndipo picha inapoganda mdomo wazi.

Suuza kwa maji ya kunywa. Haya yetu ya kisima yana chumvi, yakikauka yanaacha madoa na utadhani kuvu imerudi. Kung'uta, halafu zisimamishe kivulini kwenye kichanja cha vyombo, kila moja na nafasi yake kama sahani. Juani hapana, hata dakika kumi.

Watakwambia paka dawa ya meno. Dawa ya meno ni msasa laini: inakula plastiki kidogo ili mkwaruzo usionekane. Nimeijaribu kwenye picha mbili za mapigano ambazo hata zikifa sitalia, moja ikapona, nyingine ikawa na ukungu chini mpaka leo. Kwenye CD ya harusi usithubutu. Na petroli, tina au asetoni ya kutolea rangi ya kucha, hizo hata usizisogeze. Plastiki inafifia palepale.

Jingine ambalo watu hulikosea ni upande. Wanalinda chini, juu wanaacha ikwaruzwe. Kwa VCD na CD za kawaida, maandishi yako juu kabisa, chini ya lebo, yamefunikwa na rangi nyembamba tu. Inua VCD ya zamani uitazame dhidi ya taa: ukiona vitundu vya mwanga, pale hakuna tena picha, na hakuna dawa. DVD imejengwa kama kola ya shati, vipande viwili vya milimita 0.6 vimegandishwa na maandishi yamelala katikati. Ndiyo maana DVD haitaki kukunjwa. Usiing'oe kwenye kasha kwa kuivuta ukingo hadi ikapinda. Bonyeza meno ya katikati, itaachia yenyewe. Ukingo wake ukifunguka, unyevu unaingia kama kwenye mshono uliofumuka.

Ndiyo sababu pia sibandiki stika juu ya CD, wala siandiki kwa kalamu ya wino ya ncha ngumu. Stika iliyokaa upande inafanya CD iyumbe inapozunguka, na kwa joto la Tanga gundi inatoka na kukaa ndani ya deki. Namba naiandika kwa marka peni laini kwenye kile kiduara kinachopitisha mwanga, karibu na tundu, pasipo na maandishi.

Sasa makasha. Za familia na zile nizipendazo ziko kwenye makasha magumu, zimesimama kama vitabu. Usizilaze moja juu ya nyingine. Joto likizidi zinapinda. Kasha la kawaida la DVD lina unene wa milimita 14, kwa hiyo shubaka la sentimita 90 linabeba 64. Mie naweka 60, ili mkono upite na hewa ipite. Ukipiga hesabu hiyo kwa CD 412 utaona unahitaji mashubaka saba, nami kabati langu lina manne. Zilizobaki nikazishonea mifuko.

Hapa nitajisifu kidogo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba imejaa ile mifuko mbadala. Ile laini inafaa. Isugue kwanza nyuma ya CD mbovu mara ishirini. Ikiacha alama, itupe. Kata kipande cha sentimita 14 kwa 30, kikunje uache ulimi wa sentimita 2, shona pande mbili kwa nje ili mshono usiguse CD, basi. Uzi mwembamba, mshono mrefu. Unapata mfuko unaopumua, tofauti na nailoni iliyogandana na CD zangu uvunguni. Kila aina ina rangi ya utepe wake kwenye ulimi: kijani picha za Kihindi, nyekundu za Kibongo, njano za watoto, bluu zile za kutafsiriwa, nyeupe kaswida na mawaidha. Mifuko imesimama ndani ya boksi kama kadi za kliniki.

Kabati liko ukuta wa ndani, unaotenganisha sebule na chumba. Ukuta wa nje unatoka jasho masika, na upande wa baharini ndio kabisa. Nimelinyanyua kwa vigogo sentimita 10 kutoka chini, na kati yake na ukuta unapita mkono. Milango ni ya mbao. Nilikuwa na la kioo, lilipendeza sana, na jua la saa kumi lilikuwa linaingia humo kila siku; CD mbili za maulidi zilifia humo, moja ikiwa ni sauti ya marehemu babu akisoma. Juu ya televisheni usiweke, karibu na jiko usiweke.

Na vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyoweka kwenye nguo, visikaribie makasha. Fundi yeyote aliyeacha vifungo vya plastiki na naftalini kwenye droo moja anajua vinavyolainika.

Kwa unyevu natumia vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Waombe wauza viatu, wao wanavitupa. Vipakiti sita kwa shubaka. Vikishashiba maji havifanyi kazi tena, kwa hiyo kila mwezi masika, na kila miezi mitatu nyakati nyingine, nazimwaga chembe kwenye kikaango kibovu nisichopikia, moto mdogo wa makaa, nakoroga robo saa, zikipoa nazirudisha kwenye vifuko vya pamba. Kaskazi ikikaza, mchana mkavu, nafungua milango ya kabati nusu siku. Mvua ikinyesha nafunga hata kama mgeni anataka picha, asubiri.

Kupanga sasa. Nilianza kwa alfabeti, nikaacha baada ya wiki mbili. Hakuna mtu nyumbani kwangu anayeuliza kwa jina la picha. Mama anauliza "ile ya Amitabh." Wifi anataka "za Kanumba," kwisha. Watoto wanataka "ile ya simba." Kwa hiyo za Kihindi nimezipanga kwa mchezaji mkuu, za Kibongo kwa mchezaji kisha kwa sehemu. Hizi za Kibongo zina balaa lake: hadithi moja inauzwa mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na kava yake, na ukizitenganisha umepoteza zote. Nazifunga pamoja kwa ukanda wa lastiki mpana. Zile za Kihindi za VCD vilevile, maana VCD moja inabeba dakika 74 hivi na picha ya saa tatu inakuja kwa CD tatu. Zote zinapata namba moja yenye A, B na C. Kava za Kibongo zenye stempu ya TRA, ile iliyoanza 2013, sizitupi hata zikichanika. Zile CD za picha ishirini ndani ya moja nimeziweka chini kabisa, mwishoni. Picha zimebanwa mpaka nyuso hazina pua.

Kila CD ina namba kwenye kaunta buku: herufi ya aina, namba, jina, wachezaji, lugha, inakwama wapi. Ukurasa wa wachezaji uko nyuma. Safu ya "inakwama wapi" ndiyo naipenda kuliko zote. Harusi ya dada ni F-001: "inaganda bwana harusi akiingia, sogeza mbele kidogo." Ilipona kiasi hicho.

Kabla ya kuandika kwamba CD ni mbovu, ijaribu kwenye deki nyingine. Binamu alileta DVD nne kutoka Muscat, deki yangu ikazikataa zote. Hazikuwa mbovu. DVD za kiwandani zina maeneo: Tanzania na India tuko eneo la 5, Omani iko eneo la 2. Deki ya jirani, isiyojali maeneo, ilizicheza bila kelele.

Za familia zote nimezinakilisha. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, kwa hiyo diski ngumu ya nje ya GB 500 inameza kama mia moja. Nenda duka la kompyuta mwenyewe, kaa hapo hapo mpaka ziishe, na kabla hujalipa fungua katikati ya kila moja uone inacheza. Mwanzo tu hautoshi. Nakala moja iko kwangu, ya pili iko kwa mdogo wangu Dodoma, kwenye ukavu.

Kuazimisha kuna sheria. Akichukua CD, mahali pake naingiza kipande cha kadibodi chenye jina lake na tarehe. Akirudisha, nafungua kasha mbele yake, maana nimeshawahi kurudishiwa kava ya mapenzi yenye CD ya ngumi ndani. Za F, yaani za familia, haziazimwi, mtu aje aangalie hapa na chai nitampa. Shemeji yangu wa Usagara ana H-031, A hadi C, tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Kadibodi lake limeanza kupauka.