Kuonja na kuitambua ndizi ya Blue Java

Blue Java inasifiwa kwa nyama laini kama aiskrimu na harufu ya vanila. Kwa sifa hiyo wengi huionja mapema, wakakuta ukakasi, wakadhani wamepewa aina nyingine. Usianze na ulimi. Anza mkungu ukiwa bado mgombani.

1. Kagua ganda bichi. Ndizi changa ya Blue Java ina nta nzito inayoipa rangi ya buluu yenye mng'ao hafifu wa fedha, au tuseme buluu ya kijivu inayong'aa. Pitisha kidole gumba: nta inafutika, kijani kinatokeza. Piga picha siku hiyohiyo, maana ikiiva buluu hufifia ikawa manjano mpauko, na ushahidi wako mkubwa umekwenda.

2. Kata kikonyo cha jani. Kikate kwa upana, utazame mfereji wa juu. Blue Java ni ya kundi la ABB, yaani kati ya migomba miwili ya mwituni iliyozaa ndizi zetu, ina sehemu moja ya Musa acuminata (A) na mbili za Musa balbisiana (B), kwa hiyo kingo za mfereji hujikunja kuelekeana. Kwenye Cavendish, ndizi ya kawaida ya madukani, ambayo ni AAA, yaani acuminata tupu, mfereji uko wazi. Hii ni mojawapo ya sifa 15 ambazo watafiti wa migomba Simmonds na Shepherd walizipanga mwaka 1955 ili kutenganisha A na B, kila sifa ikipewa alama 1 hadi 5.

3. Ivisha bila haraka. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Tenga chane moja mahali penye hewa, mbali na friji. Chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi ganda huwa jeusi na nyama haiivi vizuri. Onja kidole kimoja leo, kingine kesho, kingine keshokutwa. Ukiwa na shaka, kata kipande na ukidondoshee iodini: palipobaki wanga patageuka buluu-nyeusi. Kipande hicho kitupe, usikile.

4. Onja. Suuza kinywa kwa maji. Menya, nusa kwanza, kisha chukua kipande cha katikati. Usitafune, kibane kwa ulimi kwenye kaakaa usikilize kama kinayeyuka au kinabaki na chembechembe. Utamu hutangulia, uchachu hufuata, na ukakasi huja mwishoni kabisa, kwa hiyo subiri kabla ya kumeza kipande cha pili. Andika papo hapo, kwa maneno yako.

5. Iondoe Pisang Awak. Hii ni aina nyingine ya ndizi, nayo ni ABB, nyama yake nyeupe na tamu, na miche yake huuzwa mara nyingi kwa jina la Blue Java. Kikonyo hakitakusaidia hapa. Pisang Awak ikichavushwa huweza kubeba mbegu nyeusi ngumu, hivyo ukiziona, shuku. Usipoziona, hujathibitisha lolote. Kinachoamua ni ile picha ya ganda bichi. Nikiletewa ndizi zilizokwisha kuiva bila picha, naandika ladha yake kwa ukamilifu na nafasi ya jina naiacha wazi hadi mkungu ujao.